Nani alipuliza? Kisa cha kinanda cha mdomo kwenye upande B

Majina ya wahusika, mji, kampuni na wimbo wenyewe nimeyaondoa. Warithi wako hai, na jambo hili linaeleweka vizuri bila majina yao. Wanamuziki na rekodi ninazozitaja waziwazi ni zile zinazojulikana, nimezileta kwa kulinganisha tu.

Usuli

Kampuni ndogo ya Ulaya inayotoa upya santuri za zamani ilipata haki ya kanda za lebo moja ya soul, ya mji mmoja wa kaskazini mwa Marekani. Lebo hiyo iliishi miaka michache tu, mwishoni mwa miaka ya 1960, ikafa. Nyimbo 22 zilichaguliwa. Kazi yangu ilikuwa kuandaa orodha ya wapigaji kwa ajili ya kijitabu cha albamu, kisha kujaza taarifa hizohizo kwenye fomu za kidijitali zinazokwenda kwa majukwaa ya muziki. Nyaraka za sauti ndizo zinazonilisha. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga tarumbeta, tena mbaya.

Wimbo uliotusumbua ulikuwa upande B wa santuri ndogo ya mizunguko 45. Anaimba mwanamke, mwendo wa taratibu. Baada ya ubeti wa pili kinanda cha mdomo kinaingia, hamonika kama wengine wanavyoiita, na kushika hatua nane (vipimo vinane vya mdundo) peke yake. Halafu kinarudi nyuma ya sauti yake, kikimjibu neno kwa neno, mpaka ubeti wa mwisho unapoanza. Karatasi ya katikati ya santuri ina jina la mwimbaji, mtunzi, mpangaji muziki, mchapishaji na namba ya matriksi. Basi.

Hilo halikuwa la ajabu. Hata Motown, kampuni kubwa kuliko zote za aina yake, iliwalipa wapigaji wake wa studio miaka yote ya 1960 bila kuwaandika kwenye jalada. Waliojulikana baadaye kama Funk Brothers walitajwa kwanza mwaka 1971, kwenye albamu ya Marvin Gaye, "What's Going On". Aliyekulia na dansi la Radio Tanzania hali hii anaijua: kanda inataja bendi, na ukitaka kujua solo la gitaa kapiga nani, nenda kaulize mtaani.

Lakini kinanda cha mdomo kina balaa lake la ziada. AFM, chama cha wanamuziki cha Marekani, kwa miaka mingi hakikukihesabu kuwa ala. Ndiyo maana wakati wa mgomo wa kurekodi wa 1948 wapiga kinanda cha mdomo waliendelea kuingia studio huku wenzao wamekaa nje. Baadaye wakapokelewa chamani, ila dharau haikuisha yote. Tena kwenye soul ala hii haikuwa na kiti. Saksafoni ina kiti, tarumbeta ina kiti, ogani ina kiti. Kinanda cha mdomo kililetwa na yeyote aliyekuwa nacho mfukoni siku hiyo. Ukitafuta "mpiga kinanda cha mdomo" kwenye karatasi za zama zile, mara nyingi unamtafuta mtu ambaye kazini hakuwa na cheo hicho.

Na jina lina pesa. Nchini Marekani, nyimbo zikipigwa kwenye redio za kidijitali malipo hukusanywa na SoundExchange: nusu kwa mwenye rekodi, asilimia 45 kwa msanii mkuu, na asilimia 5 kwa wale wa nyuma, wapigaji wakipata nusu yake na waitikiaji nusu. Rekodi za kabla ya Februari 1972 zilikuwa nje ya utaratibu huo hadi sheria ya 2018 ilipoziingiza. Kwa hiyo mstari mmoja kwenye kijitabu, ambao zamani ulikuwa burudani ya wakusanyaji santuri, sasa unaweza kumwandikia mjukuu wa mtu hundi. Au kumnyima.

Mambo yalivyofuatana

Jina lilikuwepo tayari tulipoanza. Wakusanyaji walikuwa wameshakubaliana miaka mingi kwamba aliyepiga ni A, mpigaji maarufu mwenye mkataba na kampuni kubwa, aliyeingia studio ile kwa siri. Dhana yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1968 ilitoka albamu ya kinanda cha mdomo ya Eivets Rednow. Lisome jina hilo kinyumenyume utamkuta Stevie Wonder. Mchezo wa kujificha majina ulikuwepo. Na niseme ukweli, mimi mwenyewe nilitaka awe A. Kampuni ilitaka zaidi yangu, maana jina la A kwenye stika ya jalada linauza.

Nilianza na sikio, nikiwa na santuri tu. Kanda mama ilikuwa bado njiani.

Hapa inabidi nieleze ala. Kinanda kidogo cha matundu kumi, kile cha daitoniki, hutengenezwa kwa ufunguo mmoja, yaani noti moja ya msingi: kuna cha C, cha D, cha A na kadhalika, herufi hizi zikiwa noti, si watu. Wapigaji wa blues na soul mara nyingi hawapigi kwenye ufunguo wa kinanda chenyewe. Wanatumia mkao wa pili: wimbo ukiwa G, mpigaji anachukua kinanda cha C, kwa kuwa noti za kuvuta pumzi ndizo zinazopindika vizuri na ndizo zinazoangukia mahali pa uchungu wa wimbo. Kile kikubwa, cha kromatiki, kina kitufe pembeni na noti zote kumi na mbili. Cha kawaida kina matundu 12 na vilimi 48 vya shaba ndani.

Nikapima santuri. Wimbo ulikuwa A-flati, yaani nusu toni chini ya A, na hata hapo sauti ilikuwa chini kidogo. A-flati kwa mkao wa pili inataka kinanda cha D-flati. Vinanda hivyo vilikuwepo madukani, lakini ni wachache waliotembea navyo. Nikajiambia: mtu haji studio na D-flati kwa bahati. Basi hiki ni cha kromatiki. Na A ni bwana wa kromatiki. Nikaiandikia kampuni barua ya ukurasa mmoja na kuifunga kwa maneno "A, uwezekano mkubwa".

Wiki hiyohiyo nikampigia simu mpiga gitaa wa kikao kile, mzee wa zaidi ya miaka 80, mmoja wa wachache waliobaki. Nikamuuliza, "Mzee, ni A aliyepiga kinanda siku ile?" Akajibu, "Inawezekana kabisa." Nikaandika kwenye daftari: shahidi anathibitisha.

Kanda ilifika baada ya wiki sita. Ubavuni mwa boksi mhandisi alikuwa ameandika kwa penseli kwamba kasi ipandishwe wakati wa kukata santuri. Lilikuwa jambo la kawaida: wimbo ukichangamshwa kidogo unasikika vizuri redioni. Sikutaka kuiamini penseli peke yake, nikatafuta mngurumo wa umeme chini ya muziki. Umeme wa Marekani hutetemeka mara 60 kwa sekunde, na kifaa chochote chenye waya mbovu huuacha mngurumo huo kwenye kanda. Kwenye kanda ulikuwa 60. Kwenye santuri ulikuwa karibu 63. Asilimia tano juu, si mbali na nusu toni nzima.

Wimbo haukuwa A-flati. Ulikuwa G. Na G kwa mkao wa pili inataka kinanda cha C, kile kinachouzwa kila duka, kile ambacho mtoto hununuliwa sikukuu. Nguzo yangu ikaanguka palepale, nikakaa nikiitazama barua niliyokwisha kuituma.

Nikaanza upya, safari hii nikifuata noti moja baada ya nyingine. Kuna mahali mwimbaji anashuka D, C, B-flati, G, na kinanda kinamjibu kwa maneno yaleyale oktava moja juu. Kinanda kinasema D, kinasema C, kisha kinaruka moja kwa moja hadi G. B-flati haipo. Mara ya kwanza nilidhani ni ladha yake. Mara ya pili anaruka tena. Halafu, hatua mbili mbele, anashuka oktava ya chini na huko anaipiga B-flati kwa raha zote, anaivuta, anaipinda polepole kama mtu aliyekuwa na deni anayelipa na riba.

Sababu imo ndani ya ala. Kwenye kinanda cha C, tundu la tatu ukivuta linatoa B, na pumzi ya fundi inaweza kuishusha B hiyo hadi B-flati. Oktava ya juu yake hakuna tundu la kuifanya kazi hiyo: kati ya A ya tundu la sita na B ya tundu la saba pana pengo. Mbinu ya kulilazimisha pengo hilo litoe sauti ilienea baada ya Howard Levy kuiendeleza kuanzia miaka ya 1970. Mpigaji wetu hakuwa nayo, kwa hiyo alilizunguka shimo. Mwenye kitufe cha kromatiki asingekuwa na shimo la kuzunguka.

Kulikuwa na dalili nyingine, ndogo zaidi. Anapoishikilia F juu ya piano, F mbili zinagombana. Vinanda vya daitoniki vya zamani, kama Marine Band ya Hohner, vilipangwa ili noti zikipigwa pamoja zilie kwa utulivu, na gharama yake ni kwamba F ya tundu la tano hukaa chini ya F ya piano kwa karibu theluthi ya nusu toni. Cha kromatiki hupangwa kama piano. Niliupima ugomvi huo, na upana wake ulikuwa uleule wa kinanda kidogo.

Tulichokuwa nacho sasa kilikuwa ala: daitoniki, ya C. Mtu bado. Bwana wa kromatiki anaweza kupiga kinanda kidogo vilevile. Kilichoanguka ni sababu iliyonifanya nimtaje A.

Swali lililofuata lilikuwa kama aliyepiga alikuwa studio siku ile au aliongezwa baadaye. Swali hili watu hulisahau. "I'll Take You There" ya Staple Singers, ya 1972, msingi wake ulirekodiwa Muscle Shoals, Alabama. Kinanda cha mdomo unachokisikia kiliongezwa na Terry Manning, aliyekuwa mhandisi wa sauti Memphis. Ukiwahesabu waliokuwa Alabama mmoja mmoja hadi kesho, humpati.

Kanda yetu ilikuwa na njia nne, yaani sauti zilirekodiwa katika mafungu manne yanayoweza kusikilizwa kila moja peke yake. Nilisikiliza njia ya mwimbaji peke yake, na kwa mbali, nyuma ya pumzi yake, kinanda kilisikika kikivuja. Walikuwa chumba kimoja, saa moja. Kisha nikafungua njia ya ala za kupuliza, ambako kinanda chenyewe kilirekodiwa, kwenye kipaza sauti kilekile cha saksafoni na tarumbeta.

Kabla ya solo wanasikika watu watatu: tarumbeta, saksafoni ya tena, saksafoni ya baritoni. Hatua mbili kabla ya solo, tena inanyamaza. Pana mlio mdogo, kama chuma kugusa stendi. Kinanda kinaingia. Muda wote kinapopiga, wapulizaji wengine ni wawili tu. Kinapokoma, ala za kupuliza zinaingia na kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) yenye tundu: noti ya juu ipo, ya chini ipo, ya katikati hakuna. Hatua moja na nusu baadaye noti ya katikati inarudi. Sehemu hiyo nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ni muda wa mtu kutia kitu mfukoni, kunyanyua saksafoni na kuilowesha mwanzi.

Mpiga saksafoni kuwa na kinanda mfukoni si ajabu. Buddy Lucas wa New York, mpiga tena, yumo kwenye albamu ya blues ya Nina Simone ya 1967 akipiga vyote viwili.

Ndipo tukaenda kwenye karatasi. Vikao vya chama vilikuwa na fomu ya malipo, ikipelekwa tawi la mji. Kuipata kunahitaji subira, na wakati mwingine kunahitaji ujue historia ya ubaguzi: Chicago, kwa mfano, ilikuwa na tawi la Weusi, namba 208, na la Wazungu, namba 10, hadi yalipounganishwa 1966, kwa hiyo mtafutaji wa kikao cha kabla ya hapo lazima ajue abishe hodi wapi. Ya kwetu ilipatikana. Majina kumi na malipo, ala hazikutajwa. Kiongozi wa kikao alilipwa mara mbili, kama ilivyo desturi. Saba walilipwa sawa. Wawili walipata zaidi ya wenzao, na ziada hiyo ni malipo ya ala ya pili: anayebadilisha ala ndani ya kikao huongezewa.

Wawili hao walikuwa wapiga saksafoni. Wa tena nimwite C, wa baritoni D. Siku ile zilirekodiwa nyimbo tatu, na mmoja una filimbi. Filimbi ikilia, tena inasikika na baritoni haipo. Basi filimbi ni ya D. Ala ya pili iliyobaki katika nyimbo zote tatu ni moja tu.

Nikampigia tena yule mzee wa gitaa. Miezi minne ilikuwa imepita. Safari hii sikutaja kinanda wala A. Nilimwomba anitembeze chumbani: mlango uko wapi, nani amesimama wapi, mchana au usiku. Akasema ilikuwa baridi kali, na hita ya studio ilikuwa ikivuma, kwa hiyo wakirekodi inazimwa, wakapiga wote wamevaa makoti. Akacheka. Kisha akaendelea mwenyewe: mpangaji alikuwa ameandika solo ya saksafoni, mwimbaji akalalamika kwamba inamfunika, wakabishana, na muda wa kulipia ulikuwa unakwisha. "Yule wa tena akaingiza mkono kwenye koti akatoa kile kidude. Tukamcheka. Akapiga mara moja tu."

Nilimuuliza kwa nini mwanzo alisema inawezekana ni A. Akanijibu, "Wewe ulitaka awe A."

Familia ya B

Hili nalitenga, maana lilikuwa gumu kwa namna nyingine. Kabla karatasi haijapatikana, mjukuu wa mtu mmoja alituandikia kwamba babu yake, B, ndiye aliyepiga. Alikuwa na picha: babu kasimama jukwaani na mwimbaji yuleyule, kinanda mdomoni. Familia ilikuwa imelishika jambo hilo kwa miaka hamsini. Walikuwa wamelisoma kwenye mazishi yake.

Mwenzangu alipendekeza tumwombe uthibitisho. Nilikataa, na huo nadhani ni uamuzi mmoja niliouona sawa tangu mwanzo. Anayeombwa uthibitisho huanza kujitetea. Tulimwomba atusimulie: lini, wapi, alisafiri na nani, alirudi na nini. Simulizi likajipanga lenyewe. B alijiunga na bendi ya safari ya mwimbaji baada ya santuri kutoka, kwa sababu C, mtu wa studio, hakutoka mjini. Solo lile B aliliiga kutoka kwenye santuri na kulipiga usiku baada ya usiku mbele ya watu. Bango lililo nyuma yake kwenye picha linautangaza wimbo wenyewe kama unaopendwa redioni, yaani ulikuwa umeshatoka.

Babu hakuwaongopea. Aliwaambia, "Huo wimbo nimepiga mimi," na ni kweli aliupiga. Mjukuu alipoelewa alinyamaza kwenye simu muda mrefu, kisha akauliza kama picha bado tunaitaka. Tulimwambia tunaitaka sana.

Maamuzi

Kumwondoa A kulileta mvutano. Stika ilikuwa imeshapitishwa na jina lake. Hoja ya kampuni ilikuwa kwamba hakuna awezaye kuthibitisha kuwa siye yeye. Niliwajibu kwamba kwa hoja hiyo hata mimi naweza kuandikwa. Kilichowageuza, lakini, kilikuwa mwanasheria wao: kumwandika msanii mwenye mkataba kwenye rekodi asiyokuwemo ni kualika barua. Nimejifunza kutodharau sababu ya aina hiyo pale ukweli unapohitaji msukumo.

C tulimwandika pamoja na msingi wa madai yetu: kwa karatasi ya malipo ya kikao, kwa kanda, na kwa kumbukumbu ya mpigaji mmoja aliyekuwepo. Wengine waliona maneno hayo ni mengi mno kwa kijitabu. Mimi naona jina lisilosema limetoka wapi ndilo lililotufikisha kwa A. Picha ya B ilichapishwa ukurasa wa pili, na chini yake ikaelezwa kwamba ndiye aliyeubeba wimbo huu jukwaani.

Matokeo

Kijitabu kilitoka sahihi. Taarifa za kidijitali zilitoka na kosa. Fomu zake zilikuwa na tarehe ya mwisho mapema zaidi, nami nilikuwa nimezijaza kutoka kwenye ile barua ya "uwezekano mkubwa". Ndani ya fomu hakuna nafasi ya uwezekano. Kuna nafasi ya jina. A akaingia kama mpigaji, bila hata alama ya kuuliza. Tulituma masahihisho. Majukwaa mengine yalibadilisha, mengine bado yanamwonyesha A, na orodha za mashabiki zilizonakili siku ya kwanza zinanakiliana hadi leo. Anayekuja kubishana sasa ananionyesha kosa langu mwenyewe kama ushahidi.

C alikuwa amefariki. Binti yake alipatikana kupitia kanisa alilopigia baba yake uzeeni, akawasilisha ombi la mgawo wa wapigaji wa nyuma, likapokelewa.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa kupima ufunguo kabla ya kuhakiki kasi. Ni kosa la mwanafunzi, na nililifanya kwa sababu jibu lilikuwa tamu. Kama santuri ingenionyesha G, ningeuliza zaidi. Iliponionyesha kitu adimu kinachoelekea kwa mtu maarufu, nikafunga daftari. Siku hizi sigusi ufunguo mpaka nimesikia mngurumo wa umeme, au nimepata ala nyingine kwenye rekodi ambayo urefu wa sauti yake haubadiliki.

Swali langu kwa mzee wa gitaa ni baya zaidi, kwa sababu kasi ya kanda inarekebishika na kumbukumbu haifutiki. Jina likishatamkwa, limeingia chumbani na kuvua koti. Bahati yangu ni kwamba ushuhuda wake wa pili ulilipinga jina nililompandikizia; kama ungekubaliana nalo, usingekuwa na thamani yoyote. Ilinibidi nianze na hita na mlango tangu simu ya kwanza.

Sikio lilifanya kazi kubwa, ila mipaka yake ilionekana. Lilitupa ala kwa uhakika mkubwa. Kuhusu mtu, lilituambia machache mno, na wanaosema wanamtambua mpigaji kwa mtikisiko wa noti moja nawaheshimu lakini siwaandiki. Sikiliza "Low Rider" ya War, ya 1975: kinanda cha Lee Oskar na saksafoni ya Charles Miller zimeshikana hivi kwamba wengi wanasikia ala moja. Sikio linalodanganywa na ala mbili litaapia vipi kidole cha mtu?

Kilichotutoa gizani ni kusikiliza aliyenyamaza. Hatua moja na nusu ya kodi yenye tundu ilikuwa na uzito kuliko solo lote la hatua nane, kwa sababu mpigaji anaweza kuiga mtindo wa mtu mwingine lakini hawezi kuwa na ala mbili mdomoni. Tangu hapo, nikipewa wimbo wenye kinanda kisicho na jina, naanza kwa kuuliza nani ametoweka kinapolia. Mara nyingi ni saksafoni. Wakati mwingine ni mpiga gitaa, na wakati mwingine mwimbaji mwenyewe.

Karatasi nayo isingetosha. Malipo ya ziada yalikuwa mawili, na bila kuisikiliza filimbi ya wimbo mwingine tungebaki na sarafu ya kurusha juu. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wakishaona fomu ya chama wanaacha kusikiliza.

Na lile sanduku la fomu ya kidijitali: ilinibidi niliache wazi. Nilijua, nikaogopa kuonekana sijamaliza kazi. Mfumo unakubali nafasi tupu, mimi ndiye niliyeshindwa kuikubali.

Binti wa C tulimtumia mstari kabla ya kuchapa. Tulikuwa tumeandika "kinanda cha mdomo" kwanza, kwa kuwa ndicho kilichotufikisha kwake. Akapiga simu siku hiyohiyo. Alisema baba yake alikichukia kile kidude. Alisomea saksafoni miaka kumi na moja, na kila aliposimulia habari za studio aliruka siku ile. Kinanda kilikuwa cha kaka yake binti, mtoto wa miaka saba wakati huo. Kilikuwa kwenye koti kwa sababu asubuhi baba alimnyang'anya mezani. Alikuwa na ombi moja tu. Kijitabu kinasomeka hivi: C, saksafoni ya tena, kinanda cha mdomo.